Miarobaini ya Serikali

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwalimu kijana hapa Same. Shule yetu ilipopanua barabara ya kuingilia magari, Bwana Misitu, Mzungu aliyesimamia miti ya serikali, aliipaka chokaa miarobaini iliyotakiwa kubaki. Mimi nikaelewa kinyume, nikawaambia wazazi walioshuka kutoka kijiji cha Mhezi, huko milimani, kutusaidia, "Kateni yenye chokaa."

Mitatu ilikuwa imelala chini mwalimu mkuu alipotoka mbio darasani. "Kukata mti wa serikali ni jela," aliniambia kwa sauti ya chini.

Bwana Misitu alifika saa nane mchana. Alitazama visiki, kisha akawauliza wale wazazi, "Nani aliwaamuru?" Walikuwa watu wa rika la baba yangu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Nikajua wako radhi wafungwe kuliko kunitaja. Nikasogea mbele, nikasema, "Ni mimi, bwana."

"Utapanda mingine mitatu," alisema. "Hata mmoja ukifa, utakwenda mahakamani."

Kiangazi chote nilibeba maji ndoo kwa ndoo kutoka kisimani. Kila asubuhi niligusa majani kabla hata ya kumwamkia mwalimu mkuu. Mwezi wa Septemba mche mmoja ulianza kunyauka, nikashindwa kula siku mbili.

Mvua za vuli zilipofika, yote mitatu ilikuwa hai. Bwana Misitu alikuwa amekwisha kuhamishwa, na hakuna aliyekuja kuikagua.