Mbuzi wa Matanga

Watu wamekuwa wakiniuliza kazi ya afisa ustawi wa jamii ni nini hasa, nami huwajibu kwamba ni kazi ya kuitwa mambo yakishaharibika. Polisi wakimkamata mtoto, naitwa. Mume akimtupia mkewe masufuria uani, naitwa. Na tume ya Serikali ilipokuja Pangani kusikiliza maoni ya wananchi juu ya adhabu za wahalifu, wakubwa kwa watoto, niliitwa pia, nikaambiwa nitafute mahali pa mkutano, viti, na maji ya kunywa yaliyochemshwa.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya nusu kwa nusu. Foleni za sukari zilikuwa hazijatutoka miguuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, bado tulikuwa tunausonga, huku dukani kwa Mhindi wetu wa sokoni sabuni za kuogea zimeanza kupangwa tena, za rangi rangi. Watu waliingia, wakazinusa, wakatoka. Mwenyewe aliwaacha. "Pua haina kodi," alikuwa akisema, na kesho yake wale wale walirudi kunusa tena.

Wakati huo nyumbani kwangu nilikuwa na mgeni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, binti wa mkata mkonge wa Mwera, ng'ambo ya mto, na alikuwa anangojea hukumu ya wizi wa mbuzi. Alikuwa amekwisha kukiri. Tena alikiri kwa furaha. Hakimu alipomuuliza kama ni kweli alimchukua mbuzi wa mwalimu, alijibu, "Ndiyo, tena alikuwa mnono."

Hakimu wetu alikuwa kijana mnyoofu aliyehamishiwa kwetu karibuni, na kesi ile ilimnyima usingizi. Aliniita ofisini kwake akanifungulia moyo.

"Angekuwa mvulana ningemchapa fimbo zake akaenda kwao," alisema. "Msichana sheria hainiruhusu kumchapa. Shule ya maadilisho ni ya wavulana. Nikimwacha hivi hivi, watasema mahakama inacheza. Kilichobaki ni gereza, na huko atalala na wanawake wazima." Akajikuna shingo. "Mama, kaa naye wewe kwanza, wakati mimi nafikiri."

Nikakaa naye. Siku ya kwanza alikuwa mpole, akifagia hata pasipo na taka. Siku ya pili jirani yangu akapita, tukapiga soga, na katika soga ikatoka kwamba marehemu mama yangu alikuwa Mzigua. Fagio likasimama.

"Kumbe Mzigua!" alisema yule mtoto, akaangua kicheko.

Tangu hapo sikuwa na amani ndani ya nyumba yangu. Yeye ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa pwani akiwa manamba wa mkonge, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, mababu zao waliposhuka na mizigo wakapigana na mababu zetu, kisha wakachoka kupigana wakaanza kutukanana. Mtani anaweza kukutolea maneno ambayo ndugu yako akiyasema mnafikishana kwa wazee, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Basi mtoto akawa ananipakulia ukoko, nikiuliza anasema, "Si ndicho chakula chenu?" Nikawa namwambia abebe ndoo zote mbili kwa pamoja, maana kubeba ni kipaji cha kwao. Nilizeeka miaka mitano, nikarudi ujanani miaka kumi. Usiku nikikumbuka gereza, nilipata uchungu hasa, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda.

Kisa cha mbuzi kilikuwa hivi. Pale Mwera alifariki mzee mmoja wa Kizigua, na mfiwa mkuu alikuwa dada yake, bibi mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye sasa alikuwa amebaki peke yake katika tumbo lao. Katika matanga watani ndio huwa na kazi ya kuwatoa watu kwenye huzuni. Msichana wangu akavaa kofia ya marehemu, akashika bakora yake, akawa anapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi cha marehemu na kulalamikia chai kama alivyokuwa akilalamika marehemu. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akamwona mbuzi amefungwa kwenye mpera, akamchukua. Hiyo nayo ni haki ya mtani: anachukua kitu cha matanga, na mfiwa anakwenda kukikomboa kwa maneno matamu na zawadi ndogo. Ila mbuzi hakuwa wa matanga. Alikuwa wa mwalimu mmoja mgeni, aliyemnunua njiani, akapita kuhani msiba, akamfunga pale kwa muda. Na kule kambini kwa wakata mkonge, ambako nyama ilikuwa haijaonekana siku nyingi, wenzake hawakungoja ukombozi. Walimla na ugali wa yanga.

Mtani hakani. Ukikana unauharibu utani wote, ndiyo maana mtoto alikiri. Na kwa nini hakumweleza hakimu habari za utani? Kwa sababu shuleni alifundishwa, kama sisi sote, kwamba mbele ya Serikali hakuna kutaja kabila. Sote ni ndugu.

Tume ikafika, na mkutano nilikuwa nimeupanga shuleni Mwera. Pantoni nayo ikachagua siku hiyo kuharibika, kwa hiyo waheshimiwa walivuka mto kwa mtumbwi, mwenyekiti, mzee jaji mstaafu mwenye suti ya Kaunda, akiwa ameshika viatu vyake kifuani. Upande wa pili tukapandishwa kwenye tela la trekta la shamba la mkonge. Mwanasheria mmoja, mama wa Dar es Salaam mwenye miwani mikubwa, alicheka njia nzima kila tela liliporuka, nikampenda papo hapo. Hakimu alikuwa pamoja nasi, na mimi nilimchukua yule msichana, maana niliona aibu watu wazungumze siku nzima juu ya adhabu za watoto bila kumtazama mtoto hata mmoja.

Darasa la shule lilijaa hadi madirishani. Mwenyekiti akasalimia, akaeleza kwamba Serikali inataka kujua wananchi wanaonaje, kisha akauliza swali lake la kwanza.

"Ndugu wananchi, mtoto akiiba, apewe adhabu gani?"

Mzee mmoja wa Kizigua akasimama, akamnyooshea kidole msichana wangu. "Ndugu Mwenyekiti, kama ni huyu aliyekaa pale, mimi napendekeza atoswe mtoni. Shida ni kwamba mtatuulia mamba."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Akasimama mwingine, akataka mtoto arudishwe alikotoka kwa miguu, na gunia la chumvi kichwani. Mama mmoja akashauri aozwe kikongwe asiye na meno, awe anamtafunia nyama, maana nyama anaijua. Mwisho akainuka yule bibi mfiwa.

"Mimi nasema anyongwe," akatangaza. "Ila msitumie kamba ya mkonge aliokata baba yake. Itakatika, mtapata kazi ya kumnyonga mara mbili!"

Msichana alikuwa amenilalia begani kwa kucheka, machozi yanamtoka. Mbele, karani wa tume alikuwa anaandika mbio mbio, uso umemkauka. Yule mama mwanasheria akaniinamia. "Dada," alininong'oneza, "watu hawa wana nini na watoto?"

Na hakimu alikuwa hawatazami wazee. Alikuwa anamtazama mtoto anavyocheka.

"Hana chembe ya majuto," aliniambia taratibu. "Nilikuwa bado nafikiri, mama. Sasa nimemaliza."

Nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Ndugu Mwenyekiti, hawa ni watani!"

"Watani? Nani na nani?"

"Hawa Wazigua. Mtoto ni Mnyamwezi."

Minong'ono ikapita darasani, mtu wa ofisi ya kata akakohoa. "Ndugu afisa, hapa sote ni Watanzania."

Lakini mwenyekiti alikuwa mtu mzima, na kwao bila shaka walikuwako watani wake. Nilimwona mabega yakishuka. "Sasa mbona hamkusema tangu mwanzo?" akauliza.

"Mlitukataza nyie wenyewe," akajibu mzee wa mamba, na safari hii mwenyekiti akacheka, tume yote ikacheka, isipokuwa karani, aliyekuwa bado anamalizia kuandika.

Nilidhani tumepona. Hakimu akainuka. Kwa heshima zote, alisema, utani ni wao na wao, mbuzi ni wa mwalimu, na mwalimu hana utani na mtu yeyote Mwera. Mwalimu naye alikuwamo humo humo, amesimama karibu na ubao. Aliulizwa, akasema ukweli wake bila kelele. Alikwenda kuhani kama muungwana, akatoka, akakuta kamba tupu. Alikuwa na haki, na haki yake ndiyo iliyokuwa inampeleka mtoto wangu gerezani.

Mwenyekiti akamgeukia yule bibi. "Bibi, tuweke mzaha kando. Msiba ulikuwa wako. Wewe unasemaje?"

Bibi akajifunga kanga yake vizuri. "Haya," akasema. "Sasa sina utani."

Begani kwangu kicheko kikakatika kama redio iliyokwisha betri.

"Tulipomzika kaka yangu, watu walikuja kulia nami," bibi alisema. "Nawashukuru. Lakini kulia najua mwenyewe, sihitaji kusaidiwa. Huyu mtoto aliingia amevaa kofia ya kaka yangu, akakohoa kile kikohozi, akasema chai haina sukari. Nikacheka. Mimi, siku ile, nikacheka! Nikamwona kaka yangu tena mlangoni. Sasa mnaniambia mtamfunga na wanawake waliokata watu mapanga. Mfungeni, mna nguvu. Lakini mimi sina ndugu aliyebaki. Siku yangu ikifika, nani atakohoa kikohozi changu?"

Kisha tukasikia kilio. Alikuwa msichana. Hakulia kwa adabu ya msichana wa miaka kumi na minne, alilia kwa kupiga mayowe, kama mtoto aliyepotea sokoni. Bibi alikuwa amemtetea, na kwa kumtetea alikuwa amemwacha peke yake. Matusi yalipokwisha ndipo alipojua kwamba gereza ni la kweli. Hakimu alimtazama muda mrefu, kisha akaangalia pembeni. Mimi nilipenga kamasi kwenye mtandio wangu mbele ya tume ya Serikali, wala sikujali.

Mwalimu akafuta chaki mikononi. "Mimi nilitaka mbuzi tu," akasema. "Mambo ya kumfunga sikuyasema mimi."

"Mbuzi utampata kwangu," bibi akamjibu. "Alichukuliwa kwenye msiba wangu. Mfiwa ndiye anayekomboa, au nyie kwenu mnafanyaje?"

Karani akamwinamia mwenyekiti. Kwa kuwa nilikaa mbele, nilisikia. "Mzee, yale ya mamba niyafute?"

"Yaache," mwenyekiti alisema. "Andika na kwamba mtoto amelia."

Sijui tume ile hatimaye iliishauri nini Serikali. Watu wa chini hatuletewi majibu. Najua tu kwamba tuliporudi kwenye tela yule mama mwanasheria alinishika mkono akaniuliza watoto wa kike wanapelekwa wapi, nikamwambia wanakuja nyumbani kwangu kula ukoko, na safari hii hakucheka.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Hakimu alisoma kwa sauti ya kazi, macho kwenye karatasi: mshtakiwa aachiwe kwa masharti, asitende kosa, awe chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Mwalimu alikuwa ameshapokea mbuzi wake, akathibitisha. Hakimu akamuuliza msichana kama amefahamu. Akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku ya mkutano alikuwa hajanitania hata mara moja, alinipakulia wali wa katikati, mweupe, na kila nilipoula ulinikwama.

Bibi alikuwa amevuka mto asubuhi, ameketi kwenye ngazi za mahakama. Alipotuona akainuka kwa shida, akamshika msichana mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema kwa upole. "Yamekwisha, mwanangu."

Mtoto akaanza kulia tena.

"Unalia nini na umeachiwa?" nikamuuliza.

Hakunijibu mimi. "Bibi," akasema, "usiniite mwanangu. Naogopa. Nitukane."

Bibi akamwachia mikono. Akarudi nyuma hatua moja, akamkagua kuanzia utosini mpaka vidoleni, bila haraka, kama anayechagua muhogo.

"Mnyamwezi we," akasema, "umekula mbuzi wa watu, na shingo bado ya kuku mgonjwa."

"Na wewe Mzigua," mtoto akajibu, akijifuta machozi, "mbuzi mwenyewe alikuwa mzee kukushinda."

Wakashuka kwenda pantoni wakitukanana, bibi amemshika yule mtoto kiwiko, na pale kwenye kona ya sokoni nilikuwa bado nawasikia.