Barua ya Sheha Haibebi Majina Matatu

Je, nikienda mahali pasiponifaa, nitajuaje mapema? Swali hilo, mwanangu Riziki, lilininyima usingizi wiki tatu nzima nilipokuwa na umri wako. Jana nimelikuta kwenye simu yangu, umeliandika wewe, na chini yake umeniwekea jedwali. Jedwali! Sehemu saba za kwenda kujifunza kazi likizo hii, kila moja na alama zake: umbali, heshima ya kazi, "faida ya baadaye". Nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikashika kichwa.

Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka minane tu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, na ushangazi hausubiri mvi. Kwa hiyo kaa kitako unisikilize. Sitakuongezea alama kwenye jedwali lako. Nitakusimulia nilivyowachosha watu wazima wanne kwa jambo ambalo lilihitaji ndiyo moja na hapana mbili, na mmoja wao akanikemea mbele ya watu. Hadi leo nikipita nyumbani kwake natembea haraka.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yalikuwa bado mbali, na babu yako hakutaka kuniona nimekaa tu kijijini kwetu Msuka nikihesabu siku. "Tafuta pahala ukajifunze kazi," aliniambia. "Yoyote, ilimradi iwe kazi." Mtu mwingine angelisikia hilo neno "yoyote" akafurahi. Mimi lilinitia homa.

Basi nafasi zikapatikana tatu. Ya kwanza aliileta Mjomba Faki, kaka yake mama. Ilikuwa katika ofisi moja mjini Wete, yenye meza, feni na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Unajua mambo yetu yalivyo: nafasi haiombwi kwa karatasi peke yake. Lazima mtu mzima anayekujua aende akakusemee, na akishakusemea ameiweka heshima yake pale mezani. Mjomba alivaa kanzu, akapanda gari mara mbili kwenda kumsabahi mkubwa wa ofisi. Nafasi ya pili ilikuwa duka la dawa Konde, la shoga yake mama. Ya tatu ilitoka kwa Bi Mgeni.

Huyu Bi Mgeni alikuwa bibi mifugo wa Konde, mwanamke mrefu, msemaji wa maneno machache. Alikuja kwetu kumtibu ng'ombe aliyeshindwa kusimama baada ya kuzaa, na kwa kuwa wanaume walikuwa shamba, kichwa cha ng'ombe nikakishika mimi.

"We mwana, huogopi?" aliniuliza.

"Naogopa, bi."

"Unaogopa na bado umeshika. Njoo Konde nikufundishe. Lakini nachukua mwanafunzi mmoja tu kila likizo, na tunaanza Jumatatu ya chanjo ya mifugo. Ukija, njoo na barua ya sheha."

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Moyo wangu ulikuwa kwa Bi Mgeni tangu dakika ile. Nilikuwa nakaribia kuchagua masomo ya kidato cha tano, na kila mtu aliniambia nisome sayansi kwa sababu nilifaulu darasani. Lakini kufaulu darasani ni kitu kimoja, na kuona damu na kinyesi ukabaki umesimama ni kitu kingine. Nilitaka kujua nimo kundi gani. Kama nisingejua likizo ile, ningejaza fomu kwa kubahatisha, na miaka miwili ingekwenda.

Lakini kichwa hiki! Watu wa Msuka watasemaje wakimwona msichana anavuta kamba ya ng'ombe? Mjomba ataiweka wapi sura yake? Na kama Bi Mgeni akiniona sifai, nitarudi nyumbani na maelezo gani? Labda duka la dawa ndilo lililo katikati. Labda Wete ndiko kwenye watu wa kunifaa baadaye. Nikawa nawajibu wote watatu jibu lilelile: "Nitakuja, inshaallah." Na wote watatu wakaamini, kwa sababu ni watu waungwana na hawakujua wanazungumza na mtu wa namna gani.

Kisha ikaja barua. Sheha wetu, msimamizi wa kijiji, wakati ule alikuwa Mzee Shaame. Hakuna anayekupokea bila barua yake, inayosema kwamba anakujua, wewe ni mtoto wa fulani, mwenendo wako ni mzuri, na anakutuma kwa fulani. Aliiandika kwa mkono, pole pole, kisha akatoa muhuri kwenye kopo la maziwa ya unga. Safari ya kwanza nilimwomba barua ya Wete, akaandika. Baada ya siku mbili nikarudi kuomba ya duka la dawa. Akanitazama, akaandika. Nikarudi tena kuomba ya Wete, kwa sababu ile ya kwanza nilikuwa nimeichana. Akaandika, lakini safari hiyo aliugonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Safari ya nne nilikwenda na wazo ambalo niliona ni la akili sana. Barazani kwake walikuwapo watu wanne au watano wakisubiri shida zao.

"Shikamoo, Mzee Shaame."

"Marahaba. Leo tunakwenda wapi?"

Watu wakacheka. Kumbe habari zangu zilishafika.

"Mzee, naomba uniandikie barua, ila pale pa jina la ofisi uache wazi. Nitajaza mwenyewe nikishaamua."

Alivua miwani. "Niache wazi."

"Ndiyo, mzee."

"Yaani mie nipige muhuri kwamba nakujua, na mwenendo wako mzuri, halafu nisijue nakupeleka kwa nani?"

"Mwandikie 'kwa kila mja wa Mungu atakayemwona'," alidakia bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Wakacheka tena, na mimi nikajaribu kucheka nao.

Mzee Shaame hakucheka. "Nafasi ya Wete umeikalia. Ya duka umeikalia. Ya Bi Mgeni nayo nasikia umeikalia. Mwana weye, una makalio mangapi?"

Akanyoosha kidole upande wa kwetu.

"Juzi kaja mtoto wa Bi Time, jirani yenu hapo, anataka barua ya kwenda ofisi ileile ya Wete. Nikamwambia imeshachukuliwa. Kaondoka kainamisha kichwa. Na aliyeichukua ni nani? Ni mtu asiyejua kama anaitaka!"

"Nilitaka kuwa na uhakika tu, mzee."

"Wa nini?"

"Kama ndipo pahala panaponifaa."

"Ofisi ya Wete umeingia ukaiona?"

"Bado."

"Kwa Bi Mgeni umekwenda ukatazama kazi yake?"

"Bado, mzee."

"Wiki tatu unafikiri juu ya vitu hujaviona!" Akaufunika muhuri kwenye kopo lake. "Nenda. Ukirudi hapa njoo na jina moja. Ukija na mawili, sikuandikii mpaka nitoke katika usheha."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, tena nimemkasirikia yeye, si nafsi yangu. Lakini kesho yake, Alhamisi, nilipanda gari kwenda Wete. Ofisini nilimkuta msichana aliyetangulia kujifunza pale, amekaa pembeni, kitambulisho shingoni.

"Unafanya kazi gani hapa?" nilimuuliza.

"Nakaa."

"Na kazi?"

"Wakija wageni nawapisha kwenye kiti."

"Hii ni wiki yako ya ngapi?"

"Ya tano." Akafikiri kidogo. "Lakini kuna feni."

Wakati wa kurudi niliteremka Konde. Bi Mgeni alikuwa uani na ndama watatu. Hakunikaribisha kiti, alinipa kamba. Ndama wa kwanza alinipiga teke la paja, nikakaa kwenye tope na baibui langu.

"Umeumia?"

"Kidogo, bi."

"Haya. Shika tena."

Nilishika tena. Alinionyesha pa kuchoma sindano, na kwa nini pale na si pengine, na nilipokosea kushika ngozi alinipiga kofi dogo la mkono na kunirudishia vidole mahali pake. Tulipomaliza niligundua kuwa kwa muda wote ule sikuwa nimewaza lolote ila ndama. Mtu wa kichwa kama changu anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

"Barua iko wapi?" aliuliza akinawa mikono.

"Bado, bi."

"Kuna kijana wa Gando kaja jana na yake mkononi. Nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi, kwa sababu weye ulisema utakuja. Jumamosi adhuhuri, basi."

Kwa hiyo, mwanangu, zilibaki siku mbili, na katikati yake alikuwapo Mjomba Faki. Kumkatalia mtu aliyekuvalia kanzu si jambo jepesi. Nilitunga hotuba tatu. Moja nilisingizia ugonjwa. Nyingine nilimsingizia babu yako, Mungu anisamehe. Ijumaa baada ya sala nilikwenda nyumbani kwake, na alipoweka kikombe chake chini nikasema bila hotuba yoyote:

"Mjomba, sitakwenda Wete. Nataka kwenda kwa Bi Mgeni. Nilijua tangu mwanzo, nikaogopa kukwambia."

"Ng'ombe," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mie sina ugomvi na ng'ombe. Ugomvi wangu ni wiki tatu. Ungenambia siku ya kwanza ningecheka, ningekutania, yakaisha. Leo nimeshakwenda mara mbili kukusemea, na nitakwenda ya tatu kuomba radhi. Unalifahamu hilo?"

"Nalifahamu. Nisamehe, mjomba."

Hakusema amenisamehe. Alichukua simu akampigia Bi Time, akamwambia mtoto wake ajitayarishe, nafasi ya Wete iko wazi. Kisha akaniambia niende nyumbani. Kwa miezi kadhaa salamu zake kwangu zilikuwa fupi, na nilistahiki.

Jioni ileile nilikwenda na mama kumwomba radhi shoga yake wa duka la dawa. Jumamosi asubuhi nikawa wa kwanza barazani kwa Mzee Shaame, na jina moja. Aliuliza jambo moja tu: kama nimemwambia mjomba wangu. Nikasema nimemwambia. Akaandika, akapiga muhuri, akanipa, na kabla ya adhuhuri nikamwonyesha Bi Mgeni Konde, akaniambia nirudi nayo Jumatatu.

Sasa nasaha zangu, maana najua utaniuliza, "Kwa hiyo shangazi, niende wapi?" Sijui! Wala si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba katika sehemu zako saba hakuna hata moja uliyokwenda kwa miguu yako, nimekusoma vizuri. Chagua mbili au tatu uende ukazione wiki hii. Usimuulize mkubwa wa mahali mwanafunzi anafundishwa nini, kwa sababu atakupa maneno mazuri. Mtafute mwanafunzi aliyekutangulia umuulize jana amefanya nini tangu asubuhi. Akikosa jibu, shukuru, aga, ondoka. Jiulize pia ni jambo gani hasa unataka kulijua juu ya nafsi yako kabla ya kujaza fomu za masomo, kisha uende penye jibu, hata kama hapana kitambulisho. Na mahali ambapo mtu atakukosoa mkono ukikosea ni bora kuliko mahali ambapo hakuna atakayejua kama ulikuja.

Ukishaamua, wapashe habari unaowakatalia siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu, na aliyekwenda kukusemea awe wa mwanzo. Usikalie nafasi ya mwenzako kwa sababu ya woga. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, na sikuliona mpaka nilipotajiwa mtoto wa jirani. Na kama utachagua vibaya, basi umechagua vibaya wiki sita. Hukuolewa. Utarudi nyumbani na jambo moja la kweli unalolijua, na hilo huwezi kulipata kwa kukaa na kalamu.

Usidhani mimi nimepona. Bado mambo nayageuza na kuyageuza, na baba yako atakwambia. Lakini Jumatatu ile ya chanjo, kabla gari ya kwanza haijaondoka Msuka, nilikuwa nimeshasimama barabarani na barua mkononi. Nilikuwa naogopa, na nilipanda.

Mungu akufungulie mlango wa kheri, mwanangu. Akukutanishe na mwalimu anayeijua kazi yake na asiyechoka kurudia. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli kwa wakubwa zako, na akulinde uendako na urudipo. Amin.