Alama za Vidole Vyangu

Mimi ni mtu wa kusema kwanza, kufikiri baadaye. Siku ile niliingia kwa kaka yangu, mtaa wa Izia, na furushi la vinguo vya mitumba, maana soko huria lilikuwa limetufikia hata sisi wa Sumbawanga. Mtoto wake alikuwa na wiki tatu. Nilipomfunua nilipigwa na butwaa: malengelenge miguuni, mgongoni, mengine yamepasuka. Tena wifi yangu alikuwa amemvalisha fulana ndani nje, mishono yote inaonekana.

"Umemwagia mtoto wetu maji ya moto, na hata kumvalisha hujui?"

"Wifi, haki ya Mungu, sijamuunguza."

Shangazi ana sauti kwa mtoto wa kaka yake, nami niliitumia yote. Mama yetu naye akaniunga mkono. Ikaamuliwa kesho wifi arudi kwao Kaoze. Akaanza kukunja kanga zake huku analia. Mtoto nikamwogesha mwenyewe, nikaigeuza fulana vizuri, nikamnyanyua kwa makwapa.

Asubuhi nikaipandisha fulana. Kila nilipomshika palikuwa na lengelenge: manne mbavuni, moja kubwa la dole gumba. Nikaweka mkono wangu juu yake, ukalingana. Nikamfunika mtoto kanga, nikamwita wifi.

Hospitali tulikwenda mimi na wifi, yeye mbele, mimi nyuma. Daktari alimkagua mtoto miguu, mgongo na mbavu.

"Hakuungua huyu. Ngozi yake haishikani. Ni ugonjwa wa kurithi, tena adimu, na huwa unang'oa kucha. Kwenu nani hana kucha za miguu?"

"Kaka, na marehemu baba. Lakini hao waliliwa na funza, daktari. Kwetu Milepa funza walikuwa wengi."

"Na wewe je? Hukulala nyumba hiyo?"

Nililala kitanda kimoja na kaka. Kucha zangu zipo zote kumi.

Dawa ya kuuponya hakuna, akasema. Tutoboe malengelenge kwa sindano iliyochemshwa, tupake vaselini, tufunge kitambaa laini. Tusimsugue wala kumnyanyua kwa makwapa.

"Na nguo mvalisheni mishono ikiwa nje, isimchubue."

Wifi alimvua mtoto fulana niliyoigeuza mimi, taratibu, akaanza kuirudisha kama alivyokuwa amemvalisha yeye. Mishono ilikuwa na damu.