Mama Yake Mwesiga Bado Hajajua

Naombeni sana, kila neno hapa libaki kati yetu. Msishare, msipige screenshot, msiweke mshumaa kwenye status. Mwesiga amefariki leo mchana, na mama yake kule Mabira hajaambiwa. Wadogo zake wana simu, wataona kabla yake.

Baba yake mdogo yuko njiani kutoka Muleba. Familia imesema yeye ndiye atakayemwambia, akiwa ameketi naye, si kwa simu.

Nimewaandikia ninyi wachache mliofanya naye kazi kwa sababu mmeanza kuuliza. Akili yangu bado inakataa.

Asubuhi alikuwa Kibingo anafunga flow meter, ile mita ya maji inayobanwa nje ya bomba bila kulikata. Jeli ya kupaka chini ya sensa, kile kihisio kinachogusa bomba, ikamwishia. Akanipigia: "Karani wangu, niwekee tube moja mezani, naichukua nageuza." Pikipiki iliteleza kwenye tope kabla hajafika lami.

Tube iko hapa mbele yangu.

Wengi mnamkumbuka kwa utani. Siku ile Isingiro, anapaka jeli kwenye bomba, bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akasimama. "Hilo lina miezi mingapi?"

Mwesiga hakucheka. "Bibi, mtoto amekaa vibaya, ngoja nimfuate." Akasogeza sensa kidogo, namba zikatulia kwenye kioo. Bibi akaondoka anacheka peke yake mpaka kwenye kona.

Alikuwa anasugua kutu mpaka chuma king'ae, halafu anapitisha kiganja taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Hewa ikibaki chini ya sensa, aliniambia, mita haisikii kitu.

Mimi ni mtu wa makaratasi, lakini alinifundisha kana kwamba kesho ningefunga mwenyewe. "Usifunge juu ya bomba, juu kuna hewa. Chini kuna mchanga. Funga ubavuni."

Sasa hivi sensa moja imefungwa Kibingo. Ya pili ilikuwa kwenye begi lake. Injinia ameuliza nani ataenda kumalizia.

Jioni hii mama yake amenipigia. Nikapokea kwa mazoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo kaka yako amezima simu tena? Mwambie ndizi nimezifunika. Akipitia kwenye chipsi leo, simfungulii mlango."

"Sawa mama."

Alipokata, niliiweka simu mezani kando ya tube.

Mwesiga, pumzika ndugu yangu. Bomba watalimaliza wengine. Lala kwa amani, na utuvumilie tunavyokulilia kimya kimya mpaka baba mdogo afike.

Mkinihitaji, msinipigie. Tumeni ujumbe, mwanze na jina lenu, au mje ofisini mlango wa nyuma, sijaondoka. Laini nimeiacha wazi kwa ajili ya mama yake. Siwezi kuizima. Akinikosa mimi, atampigia mtu mwingine atakayemwambia.