Mume wa Nadine na Pikapu Yake

Kila asubuhi ya safari, mume wa Nadine hulizunguka basi lao la kuishi, kisha hupiga magoti nyuma yake, pale linapoungana na pikapu linayoikokota. Huvuta minyororo, hugonga chuma cha kukokotea kwa kidole, halafu hutafuta jirani wa kumhubiria. "Ukikokota hivi usithubutu kurudi nyuma, bwana! Utapinda chuma. Mwenye akili huangalia njia ya kutokea kabla hajaingia." Hakuna mstaafu katika kambi yao ya mabasi kama hayo huko Arizona ambaye hajayasikia.

Jana, wakielekea Yuma kwenye ubatizo wa mjukuu, aliingia kituo cha mafuta kilichoishia ukutani, bila njia ya kutokea mbele. Dawa ilikuwa moja: kuifungua pikapu na kurudisha nyuma kila gari peke yake. Lakini wazee wawili wa kambini walikuwa wameketi mlangoni pa duka la kituo wakinywa kahawa, hivyo akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo.

"Umekwama, kaka?" mmoja aliuliza.

"Nani kakwama? Napumzisha injini."

"Mtoto anabatizwa saa hizi," Nadine alimnong'oneza. "Ifungue, mpenzi."

"Subiri waondoke kwanza."

Wazee wakaongeza kahawa. Nadine akashuka, akachomoa pini, akafungua minyororo, akaingia kwenye pikapu na kuirudisha nyuma hadi barabarani. Kupitia dirisha akasikia sauti ya mumewe, nzito na yenye kuridhika:

"Mmeona alivyofungua? Nimemfundisha mwenyewe."