Visheti Vyenye Pengo

Juzi binti yangu alileta chanuo jipya la plastiki la kukandamizia visheti. Tulipoanza kukaanga, harufu ya iliki ilinirudisha Michenzani, kwenye jiko letu la ghorofani, alasiri ya kuamkia sikukuu.

Mama alitoa chanuo la baba sandukuni, akaliosha kwa maji ya moto. Mimi nikawa nakandamiza vidonge vya unga juu ya meno yake, yeye akivikunja na kuvitia kwenye mafuta. Jino moja lilikuwa limevunjika, basi kila kisheti kilitoka na pengo katikati ya mistari.

"Mama, si tununue jipya? Vya Mnazi Mmoja havina pengo."

"Baba yako akirudi kutoka Maskati, atavijua vyetu."

Nikamchagulia baba vilivyoiva vizuri, nikavifunika kwa kawa. Nilimhurumia mama kwa kumngoja mume kiasi kile.

Sasa najua kwamba khabari ya baba kuoa huko, na kwamba harudi tena, ilikuwa imeshamfikia mama kabla ya sikukuu ile. Katika nyumba yetu, aliyekuwa akimngoja baba ni mimi peke yangu.