Diski ya Nakala Ilikuwa Baridi

Usiku ule nililala na kijiba cha roho. Meneja wa redio yetu alikuwa amempa Rehema kazi ya kuandika skripti, yaani orodha ya amri, ya kutengeneza nakala rudufu, kazi ambayo tangu Mwalimu Kombo afariki nilikuwa nikiifanya mimi, kwa mkono, kila jioni. "Sasa mashine itajinakili yenyewe," Rehema alitangaza wakati wa chai, na watu wakampigia makofi. Mimi nilikoroga chai yangu, na wala sikuwa nimetia sukari. Mpango wake ulikuwa hivi: usiku skripti inakili sauti zote za maktaba yetu ya vipindi kwenye diski mpya ya nje, maana ile ya zamani ilishakufa, kisha asubuhi yeye aifute mashine kila kilichomo na kuweka mfumo wa Unix upya.

Mara niko ofisini, mchana kweupe, na Mwalimu Kombo amekaa. Amekaa wapi? Kwenye kiti cha Rehema! Anaisoma skripti kwenye kioo cha kompyuta huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wetu na mtangazaji wa kipindi cha jioni, aliyenifundisha Unix amri moja baada ya nyingine, akinifokea kila nikikosea. Mimi hakuwahi kunitikisia kichwa hivyo. Wivu ukanipanda hadi kooni. Hata marehemu, jamani!

"Shikamoo, Mwalimu," nasema.

"Marahaba. Binti huyu anaandika vizuri."

Ofisi imekwenda, sasa tuko sebuleni kwa mama yangu, na kabati la diski la ofisini limesimama pale palipokuwa na kabati la vyombo. Mwalimu analifungua. Enzi za uhai wake, kabla ya kusoma chochote kwenye kioo, kila asubuhi aliweka kiganja juu ya diski ya nakala. Diski iliyofanya kazi usiku kucha huwa na joto. Anaushika mkono wangu, anauweka juu ya diski ya Rehema.

Baridi.

Nikaelewa papo hapo. Diski ya nje, hata ikishachomekwa, lazima kwanza iunganishwe kwa amri na folda yake ndani ya mashine. Usipoiunganisha, folda ipo vilevile, tupu, na skripti itamimina kila kitu humo bila kulalamika, ndani ya mashine ileile. Ni kama kupakua wali na kuurudisha chungu kilekile. Rehema hakuandika mstari wa kuhakikisha kwamba imeunganishwa. Nikafurahi, tena nikafurahi hasa, mpaka nikacheka. Na aifute! Aumbuke, wale wa makofi waone.

Mwalimu ananitazama. Anafungua kinywa, na sauti haitoki. Naisoma midomo yake: ni ile salamu aliyokuwa akifungulia kipindi chake. Anajaribu tena. Hakuna. Imo kwenye mashine ile, pamoja na vipindi vyake vyote, na kwingine kokote haipo. Kicheko kinanikauka mdomoni, nalia, namwita, "Mwalimu! Mwalimu!"

Sauti inarudi kidogo tu, kama redio inayotafuta stesheni.

"Msalimie Rehema."

Basi. Mimi hata kwaheri sikupewa.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Nikapapasa simu, nikampigia Rehema.

"Dada, niko ofisini," Rehema akasema. "Ndiyo kwanza nataka kuifuta mashine."

"Usiguse kitu. Weka kiganja juu ya diski ya nje."

"Kiganja?"

"Weka!"

Nikasikia kabati likifunguliwa.

"Ya baridi, dada." Nikasikia akigonga vitufe. "Haijaandikwa kitu. Mungu wangu, ningefuta kila kitu! Umejuaje?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: nimejua mwenyewe. Meneja angelisikia kabla ya chai, na makofi yangekuwa yangu. Nikalimeza, nalo likashuka kwa shida.

"Kaniambia Mwalimu Kombo," nikasema. "Anakusalimu."